Printi ya Astrup niliyonunua mtandaoni, na safari ya Jølster iliyofanya niirudishe

Naandika hii ndefu kidogo kwa sababu watu wengi wameniuliza kuhusu ile picha niliyoweka status, nimenunua wapi, shingapi, na kama inafaa kuagiza. Badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona niyamwage yote hapa, duka, picha, alafu na safari ya kwenda kule ilipochorwa, maana bila ile safari nisingejua kwamba nlichouziwa mara ya kwanza sicho.

Kwa asiyemjua, Nikolai Astrup ni mchoraji wa Norway, kazaliwa 1880 kafariki 1928, na karibu kazi zake zote ni za sehemu moja tu inaitwa Jølster, huku magharibi mwa nchi, mashamba madogo yaliyobanwa kati ya milima na ziwa la Jølstravatnet. Sio kwamba hakutembea, kasoma Kristiania (ndo Oslo ya sasaivi) kwa mchoraji Harriet Backer, kaenda Paris akafundishwa na Christian Krohg, kafika London, kafika Berlin, lakini kila akitoka anarudi palepale anachora mlima uleule na bustani ileile. Mimi nyumbani ni Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, Bergen nipo mwaka wa saba, sa mtu anayekaa pembeni ya ziwa akachora ng'ambo yake miaka yote hahitaji kunibembeleza. Nlimkuta KODE, makumbusho ya sanaa hapa Bergen, wana kazi zake nyingi, na siku ya kwanza niliingia kukimbia mvua nikatoka wanafunga.

Basi nikaanza kutafuta printi ya ukutani. Ujue tangu maonyesho yake kwenye makumbusho ya Dulwich pale London 2016, alafu ya Clark kule Marekani 2021, jina lake limetoka nje ya Norway, na ukimtafuta mtandaoni unakuta printi kibao. Pia hakimiliki ilishaisha, sheria ya hapa ni miaka 70 baada ya msanii kufa, kwahiyo mtu yeyote mwenye faili na mashine ya kuprinti anaruhusiwa kuuza. Hili nawaambia mapema maana ndo mzizi wa shida yangu: ruhusa ya kuuza sio uhakika wa ubora, na hakuna mtu wa familia wala makumbusho anayekagua rangi kabla haijakufikia.

Nliagiza "Vårnatt i hagen", yani usiku wa masika bustanini, ya mwaka 1909. Watu wawili, mwanamke na mwanaume, wameinama wanafanya kazi bustanini usiku, nyuma yao kuna ziwa na mlima. Duka silitaji, na nilikuwa na imani nalo maana waliandika kabisa "rangi halisi". Ikafika siku ya nane, imefungwa vizuri, fremu ya mbao nzuri sana sina la kusema. Lakini picha yenyewe jamani. Giza. Bluu yote imeenda kuwa nyeusi, kijani cha bustani kimezama, wale watu wawili wamebaki kama vivuli, na karatasi ni ile ya kung'aa kwahiyo ukiwasha taa unajiona wewe mwenyewe kwenye kioo kuliko unavyomuona Astrup. Alafu wameikata pembeni ili iingie kwenye saizi ya fremu zao, sehemu ya mlima imeondoka. Kwa karibu kroner 900 (hela ya Norway) niliumia.

Bado nikaitundika. Nikampigia picha mama nikamtumia WhatsApp, akanijibu kwa sauti, "mwanangu hao watu wanachimba nini usiku wote huo, si wataumwa na nyoka?" Nikaanza kumueleza kwamba huku mwezi wa sita hakuna giza, watu wanaweza kulima saa tano usiku na wanaonana vizuri tu, nikaona ninachomueleza hakipo kwenye picha niliyomtumia. Picha ilikuwa inamwonyesha usiku wa Ukerewe, usiku wetu sisi wa saa moja jua limezama na mambo yameisha, wakati Astrup alichora usiku wa kwao, na ule usiku ndo kazi yake yote. Ukiuondoa umebakiwa na fremu.

Hapo ndo nikaamua kwenda. Wikendi ya mwisho wa Juni, mimi na mfanyakazi mwenzangu mwenye gari. Kutoka Bergen unafuata E39 kwenda kaskazini, unavuka Sognefjord (mkono wa bahari unaoingia bara) kwa kivuko toka Oppedal kwenda Lavik, dakika ishirini hivi (mtu wa Ukerewe anajisikia yuko Rugezi anavuka kwenda Kisorya), unapita Førde, alafu ziwa linaanza pale Vassenden. Jumla jipangie masaa manne ukiwa na kusimama simama. Kwa basi inawezekana kufika upande wa barabara kubwa lakini makumbusho yake Astrup yako upande wa pili wa ziwa, kwenye barabara nyembamba, kwahiyo bila gari itakusumbua, jipange na mtu.

Ushauri wangu mkubwa kwenye review hii nzima: msianzie makumbusho. Anzieni Ålhus, upande wa kaskazini. Pale kuna kanisa la mbao, jeupe, la mwaka 1795, na baba yake Astrup ndo alikuwa mchungaji wa hapo. Familia ilihamia mwaka 1883 Nikolai akiwa na miaka mitatu, yeye ndo mtoto wa kwanza kati ya watoto kumi na nne. Nyumba ya mchungaji ya wakati ule ilikuwa imechakaa, baridi, unyevu ukutani, na yeye alikuwa na pumu iliyomsumbua hadi mwisho. Baba alitaka mwanae wa kwanza awe mchungaji kama yeye. Na alikuwa mkali wa dini kiasi kwamba ile mioto ya Sankthans, usiku wa tarehe 23 Juni ambapo watu wote wa ziwani wanawasha moto mkubwa wanacheza ngoma na kunywa, watoto wake hawaendi, ni mambo ya kipagani. Kwahiyo mtoto anasimama mbali anaangalia.

Sasa nendeni mkaangalie picha zake za ile mioto, kazichora miaka na miaka, za rangi za mafuta na za kuchapa kwa vibao vya mbao, na muangalie mahali anapokuweka wewe mtazamaji. Moshi unapanda, moto wa rangi ya chungwa, watu wanacheza wawili wawili, na mara nyingi kuna mtu mmoja kasimama pembeni hajaingia. Nlikuwa nimeziona Bergen nikaona ni picha za sherehe. Pale Ålhus, nimesimama kwenye uwanja wa kanisa la baba yake naangalia ufukwe wa ng'ambo, nikaelewa umbali ule ni wa nini. Tulikuta hata alama ya majivu kwenye mawe ya ufukweni, Sankthans ilikuwa imepita siku chache tu, bado wanawasha.

Kaburi lake liko hapohapo Ålhus. Alifariki Januari 1928 kwa nimonia, miaka 47 tu.

Ukiwa Ålhus ukiangalia ng'ambo, upande wa kusini, mlima unashuka mpaka majini, hauoni pa kuweka nyumba. Huko ndo alikonunua shamba. Sandalstrand, mwaka 1912. Eneo la mteremko mkali linaloangalia kaskazini, yani jua linalipita mgongoni, mtu wa kawaida asingelichukua hata kwa bure, na huyu ana pumu, ana familia, hela hana. Akaanza kukata matuta mlimani, kujenga kuta za mawe za kushikilia udongo, kuleta nyumba za zamani za magogo na kuzisimamisha pale, akapanda miti ya matunda, beri za kila aina, na rabarba, ule mmea wa mashina mekundu machachu wanaopikia na sukari, akakusanya aina nyingi tofauti mpaka akawa anatengeneza divai yake. Miti mingine aliikata matawi kwa makusudi ili ikue na maumbo ya ajabu, kama watu wenye vidole, alafu anaichora. Yani alitengeneza kwanza mahali pa kuchora, kisha akachora.

Leo panaitwa Astruptunet, ni makumbusho toka 1986. Sasa review yenyewe ya huduma.

Mapokezi mazuri. Tulizungushwa na dada mmoja mdogo kwa umri lakini anajua kila kona, kikundi chetu tulikuwa wanane, akaongea Kinorwe na Kiingereza kwa zamu na hakuna swali alilolikwepa. Nyumba ni ndogo, dari ziko chini, mapaa yameota majani kama kipande cha shamba kilichowekwa juu ya nyumba. Mkiingia ndani mnaingia wachache wachache, inabidi usubiri zamu na hiyo ni sawa kabisa maana ukijazana watu wanane humo ndani hutaona chochote. Kuna pia jengo la maonyesho lenye kazi zake. Ila njia zote ni mwinuko, ngazi za mawe na majani yenye umande, mwenye magoti mabovu ajiandae na msivae viatu vya soli laini, mwenzangu aliteleza mara mbili. Wanafungua msimu wa joto, kwahiyo angalia tovuti yao kabla hujawasha gari. Nyota 5, na ningeongeza.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba unaona vitu vya kwenye picha bado viko. Rabarba zipo, majani makubwa kama masikio ya tembo, unainua kichwa unaona ziwa lilelile na mlima uleule wa kwenye picha ya mke wake anavuna rabarba. Mimi nimeona nyumba za watu maarufu ambapo unaonyeshwa kiti na miwani nyuma ya kamba. Hapa bustani bado inafanya kazi.

Na lazima nimwongelee Engel, maana kwenye maelezo ya maduka ya printi huwa hatajwi kabisa. Engel Sunde, binti wa wakulima wa hapohapo, kazaliwa 1892, akaolewa na Nikolai 1907. Piga hesabu. Miaka kumi na tano, na mume ishirini na saba. Hili mimi limenikaa vibaya na sitalipita kimya kwa sababu tu mtu alichora vizuri, kwetu tunapigania mabinti wabaki shule. Lakini pia sitaki abaki kuwa "mke" tu kwenye hadithi ya mtu mwingine. Walizaa watoto wanane, shamba lile la mteremko mikono yake imo kila tuta, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kuchapa vitambaa kwa vibao vya mbao, ufundi wa karibu kabisa na ule wa mume wake. Nikolai alivyofariki yeye alikuwa hajafika miaka arobaini, akabaki palepale mpaka anafariki 1966. Miaka thelathini na nane peke yake. Sandalstrand tunayoiona leo ipo kwa sababu kuna mtu aliitunza, na huyo ni Engel.

Tukaja kwenye kazi za mbao, na hapa ndo nikapata jibu la printi yangu. Astrup alikuwa anachonga picha kwenye vibao, picha moja inatumia vibao kadhaa, kila kimoja na rangi zake, mtindo ambao alivutiwa nao kutoka kwa Wajapani kina Hokusai na Hiroshige. Ila tofauti na wengine, alichapa kwa rangi za mafuta, nzito, kwa mkono, na ikikauka anaingia tena na brashi kuongezea. Kwahiyo hakuna nakala mbili zinazofanana. Kibao kilekile leo kinatoa usiku wa bluu, kesho kinatoa alfajiri, kingine kinakuwa karibu msimu mwingine kabisa. Ile ya maua ya kengele ya zambarau, "Revebjeller", yenye watoto wa kike wanachuma beri katikati ya miti ya birch, ile ya gome jeupe, niliona Bergen nakala mbili tofauti nikadhani moja imefifia. Haijafifia. Ndo alivotaka.

Sa duka linapokuandikia "rangi halisi" kwenye mojawapo ya hizi, halisi ya nakala ipi? Ukiagiza chapa zake za mbao muulize muuzaji faili imetoka kwenye nakala ya makumbusho gani, akikosa jibu acha. Kwa picha za mafuta kama yangu swali ni jepesi zaidi, ya asili ni moja, kwahiyo linganisha na picha kwenye tovuti ya makumbusho kabla hujalipa, angalia vipimo wasije wakakata pembeni kama walivonifanyia mimi, na chukua karatasi isiyong'aa. Hili la mwisho msilidharau. Rangi zake ni za mwanga hafifu, ukiziweka kwenye karatasi ya kung'aa umeziua.

Usiku tulilala kwenye kibanda cha kambi upande wa Vassenden. Mwenzangu alikuwa amechoka akalala saa nne. Mimi nikatoka saa tano na nusu usiku nikashuka ziwani. Hakuna taa yoyote karibu, na nilisoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti ya biskuti bila tochi. Lakini sio mchana, tusidanganyane, mchana una vivuli na huu hauna. Majani yanabaki kijani ila ni kama yamevutwa chini sauti, milima inakuwa bluu mpaka majini, theluji iliyobakia juu inatoa mwanga wake yenyewe, alafu ziwa limetulia linarudisha vyote hivyo kichwa chini. Ile theluji ndo ukikaa unaanza kuona maumbo. Kuna picha yake ambayo theluji ya mlimani imekaa kama mwanamke amelala, na mti wa mbele umenyoosha vidole, Bergen niliona ni ubunifu wa msanii. Pale nikakaa nusu saa tu nikaanza kuona mwenyewe uso wa mtu upande wa juu kushoto, sikuongezea kitu.

Pia ukiwa pale unaelewa kwamba milima ile sio mapambo. Julai 2019 mvua kubwa ilileta maporomoko Jølster, barabara zikafungwa, mtu akapoteza maisha. Watu wanaishi chini ya vitu vizito. Nafikiri ndo maana hata picha zake za maua na za mavuno zina uzito fulani, mfano miganda ya nafaka iliyotundikwa kwenye nguzo, "Kornstaur", anaichora imesimama safu kwa safu kama jeshi la viumbe wamevaa manyoya, unaweza kuiweka sebuleni miaka kumi na bado usiku ukiamka kunywa maji ikakushtua.

Nikatoa simu nikafungua picha niliyopiga ya printi yangu ya ukutani, nikaishika mbele ya ziwa. Nyeusi tupu. Nikajua naenda kuirudisha.

Kurudisha kwenyewe kulichukua wiki tatu. Mara ya kwanza wakasema rangi zinategemea skrini ya mteja, nikawatumia picha mbili pembeni kwa pembeni, ya kwao na ya kwenye katalogi, wakakubali kurudisha hela ya picha ila fremu na usafirishaji hapana. Nikakubali, fremu naitumia. Duka nalipatia nyota 2, moja ya ufungashaji na moja ya fremu.

Ile mnayoiona status ni nyingine, bango la picha hiyohiyo nimenunua kwenye duka la makumbusho Bergen, karatasi isiyong'aa, haijakatwa, bei chini kuliko ile ya kwanza, na nimeiweka kwenye fremu ya lile duka. Bluu yake ni bluu. Ukiiweka kwenye ukuta unaopata mwanga wa dirisha kutoka pembeni, jioni inabadilika na wewe unaiona inabadilika, mimi yangu iko karibu na meza ya chakula na huwa siwashi taa mapema tena.

Nikampigia mama picha nyingine nikamtumia. Akakaa kimya kama dakika kumi, akarudisha sauti. "Ee sasa nimewaona. Kumbe kuna ziwa. Mwambie huyo mama ainue mgongo kidogo apumzike, na umtazamie huyo mwanaume kama anafanya kazi kweli au kasimama tu."